Papai Lisilotobolewa Macho

Wifi yangu amenunua kuzimu nzima kwa simu. Imeletwa na kijana wa bodaboda ndani ya katoni: mifupa ya plastiki, popo wa plastiki, utando wa buibui wa pamba, na boga la plastiki lenye swichi matakoni, ukilibonyeza linacheka. Nilipofika kwa ndugu yangu Kazungu, hapa hapa Kisauni, Jumamosi iliyopita, sebule ilikuwa imefungwa mapazia mchana kweupe, feni inapeperusha utando, na wifi mwenyewe yuko juu ya ngazi anatundika fuvu. "Ni Halowini, wifi. Watoto wafurahi," akaniambia. Nilikuwa nimewaletea papai kutoka soko la Kongowea, kubwa, limeiva vizuri. Akashuka, akalipokea kwa mikono miwili, akalitazama, akaona haliendani na mapambo yake. Akaenda kuliweka juu ya friji, nyuma ya mikebe, lisionekane.

Na mlangoni palikuwa na mchawi. Bibi kizee wa plastiki, ametundikwa kwa shingo, pua ndefu, wigi jeupe linamfika kiunoni, na watoto wamepewa mipira ya kumrushia. Anayempiga usoni anapata peremende. Mtoto wa Kazungu, kifunga mimba wake wa miaka sita, akanishika mkono akanipeleka kwa fahari.

"Shangazi, huyu ndiye mchawi."

"Umejuaje kama ni mchawi?"

Akanitazama kwa huruma, jinsi mtoto anavyomtazama mtu mzima asiyejua kitu. "Si ana mvi?"

Nikafyonya. Sikumfyonyea mtoto, mtoto hana kosa. Niliifyonyea ile katoni, na kiwanda kilichoitengeneza, na simu iliyoileta mpaka Kisauni. Nikalisogelea lile wigi nikalinusa, hata sijui kwa nini. Lilikuwa na harufu ya dawa, kali, ile inayopanda puani ikakuliza machozi. Wenzangu mliolelewa na mabibi mtaijua. Ni harufu ya piko, ile rangi nyeusi ya nywele.

Bibi yangu mzaa mama tulimwita Hawe, kama Wagiriama wote wanavyoita bibi zao. Tulikaa naye Junda, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi mrefu katikati, sisi tukiwa na vyumba viwili vya mwisho karibu na uani. Mama alikuwa yaya kwa Wazungu wa Nyali. Baba alishaenda zake, na hapa simtaji tena. Hawe alikuja kukaa nasi ghafla, bila sanduku, na leso mbili tu mwilini, na kila baada ya wiki mbili alifanya jambo ambalo mimi niliona ni upuuzi mtupu. Alikaa uani juu ya kibao cha mbuzi, akachanganya piko kwenye kifuniko cha chupa, akanipa mswaki mkuukuu, akaniambia, "Pita kwenye mizizi, usiache hata unywele." Nilipita. Vidole vyangu vilikaa vyeusi mpaka mwalimu akauliza kama nyumbani kwetu tunauza makaa.

Nilikuwa darasa la tatu, na darasa la tatu nilijua kila kitu. Nilijua Hawe anatafuta mume. Mwanamke hajipaki rangi bure, na nilishasikia wanawake wa kisimani wakimsema mwenzao hivyo hivyo. Kikongwe kile, meno manne, ugoro mdomoni, bado anataka bwana! Nilimdharau, nasema ukweli. Nilikuwa namsugua kichwa huku nimebinua midomo, na yeye akiniona alicheka tu, akasema, "Sugua, mjukuu wangu. Mdomo utaurudisha baadaye."

Basi siku moja shule zimefungwa, Mama akanichukua kwenda naye kazini. Nikakuta Wazungu wale wamegeuza ukumbi wao kuwa pango. Mashuka meusi ukutani, mishumaa, maboga yaliyochongwa macho na meno, na meza yenye mabakuli ambayo watoto walifungwa kitambaa usoni wakatia mikono ndani, wakapiga mayowe, wakacheka, wakarudi foleni kutia tena. Nilisimama mlangoni mwa jikoni nikaona hiyo ndiyo pepo. Mama aliona kingine. Nyama yote ya yale maboga ilikuwa imekombwa ikatupwa kwenye pipa. "Chakula cha wiki nzima," akawa anarudia njia nzima ya kurudi. "Wamechukua ganda wakatupa boga. Wana akili kweli hawa?" Hata hivyo, vipande vya mishumaa alivibeba.

Nilipomsimulia Hawe, alitema ugoro pembeni. "Kwa hiyo wamekaa kwao, wameshiba, halafu wanajitisha?"

"Ni mchezo, Hawe."

"Wana bahati wao. Kwao woga unapatikana dukani."

Mimi na Kazungu tukaamua kuwa na pango letu. Boga Junda huwezi kumwomba mtu akupe ulitoboe, atakupiga nalo. Lakini nyuma ya choo kulikuwa na mpapai, na mapapai yake mabichi hayakuwa na mwenyewe. Tukayakata vichwa, tukakomba mbegu kwa kijiko, tukachonga macho na meno. Tukawasha mshumaa ndani ya la kwanza. Lo! Rangi yake ilitoka ya kijani, papai likawa baya hasa, baya kuliko boga la Mzungu. Kazungu mwenyewe alitoka mbio, naye ndiye aliyelichonga.

Chumba cha Hawe ndicho kilichokuwa na dirisha dogo, kwa hiyo ndicho tulichokitaka. Tulidhani atakataa. Akasema, "Chukueni, ila kitanda changu msikiguse." Tukatundika leso nyeusi za Mama kwenye kamba. Tukatafuta vitu vya mabakuli. Tambi za baridi zikawa matumbo ya mtu. Bamia zilizochemshwa mpaka zikawa ute mtupu zikawa kamasi za zimwi. Kokwa za embe tulizozifyonza na kuziacha na nywele zake zikawa vichwa vya watoto wakaidi, na mbegu za papai zikawa mayai ya buibui. Watoto wa nyumba nzima walikuja kuchungulia tukawafukuza. Tukawaambia wangoje Jumamosi.

Kilichobaki kilikuwa mchawi. Pango la Nyali lilikuwa na mchawi wa karatasi mwenye nywele nyeupe, na sisi tulikuwa na bibi mzima, hai, wa bure. Nikamwendea na unga wa mahindi kwenye kikombe.

"Hawe, tukupake unga kichwani uwe na mvi. Wewe ndiwe mchawi wetu."

Sijawahi kumwona mtu akibadilika vile. Kile kicheko chake cha siku zote kilipotea. Alinipokonya kikombe akakiweka chini.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Karisa kakutuma?"

"Hapana, Hawe!"

Kisha akaingia ndani akajifungia, na unga nikaurudisha jikoni kabla Mama hajaona.

Karisa alikuwa mjomba wetu, mtoto wa mke mwenza wa Hawe. Mama yake alikufa Karisa akiwa mchanga, Hawe akamnyonyesha pamoja na Mama kwenye ziwa moja, na siku zote alimwita Hawe "Mama" kama tunavyowaita wetu. Mimi nilimpenda sana. Kila akija kutoka mashambani alivaa kaunda suti iliyopigwa pasi, Biblia kwapani, na mkono mwingine una kitu cha kula. Alikuwa na sauti ya taratibu. Mwaka ule alikuja mara kwa mara, akakaa na Mama ukumbini wakinong'ona, na neno lilikuwa moja: Mama, yaani Hawe, arudi nyumbani. Watu wamesahau. Wazee wanamngoja. Mambo ya zamani yameoshwa kwa damu ya Yesu.

Yaliyosahauliwa ni nini, sisi watoto hatukuambiwa. Nimeyajua baadaye, na ninyi mtayajua sasa hivi ili msisumbuke nilivyosumbuka mimi. Huko kwetu mashambani, mzee akiwa na shamba zuri halafu akaota mvi, watoto wake huanza kuota ndoto. Wanamwona usingizini. Mtoto akiugua, ni mzee. Ng'ombe akitupa mimba, ni mzee. Ushahidi uko wapi? Kichwani, hamuoni kilivyo cheupe! Karisa alifiwa na mtoto kwa homa, na kulikuwa na tajiri anayelitaka shamba, na Hawe hakutaka kuuza. Mambo hayo matatu Karisa aliyasuka yakawa kamba moja. Vijana wakaja na mapanga. Hawe alitokea mlango wa nyuma akapita mihogoni. Jirani yake, mzee mwenye mvi kama zake, alisema haondoki kwake kwa sababu ya wajinga, na akazikwa wiki hiyo hiyo.

Hilo ndilo piko. Mume gani! Mwanamke yule alikuwa anajipaka uhai kichwani, na mimi namsugua nimebinua midomo.

Na bado alikuwa anatakiwa, kwa sababu wazee wa ukoo walikataa shamba liuzwe mjane akiwa hai na hajakubali. Kwa hiyo ama akubali, ama asiwe hai. Karisa hakuwa na haja ya kusema ni lipi, alichotaka ni kumfikisha kule tu. Na Mama yangu, maskini, alishaanza kulegea. Vyumba viwili, watoto wawili, mshahara wa yaya, na dada za kanisani wanamwambia kusamehe ni baraka. Alimnunulia Hawe leso mpya ya safari. Akampangia nguo kwenye mfuko. Hawe alimtazama akipanga, akasema, "Mwambie aje Jumamosi. Nitampa jibu."

Jumamosi ilikuwa siku ya pango letu. Mimi nikaona ni jambo zuri, Mjomba naye atacheza.

Asubuhi ya siku hiyo Hawe mwenyewe ndiye aliyekuja kutuamsha. Alikuwa ameshatembea mpaka kwenye mpapai, na ameangusha papai moja lililoanza kupiga rangi. Kazungu akalirukia na kisu.

"Hili msilitoboe macho," akasema. "Hili ni langu."

Kisha akaniita. "Abee, Hawe." Akaniambia, "Lete ule unga wako."

Aliketi kwenye kibao cha mbuzi, pale pale anapopakia piko, akainamisha kichwa. Nikamwaga. Nikausambaza kwa mkono mpaka kichwa chote kikawa cheupe, na nyusi pia. Alikuwa ametulia kabisa. Nilipomaliza akajiangalia kwenye maji ya ndoo, akacheka kidogo, akasema, "Mashallah. Mimi huyu."

Mjomba Karisa alifika baada ya chakula cha mchana, na kaunda suti yake, na Biblia yake, na jogoo amefungwa miguu. "Shikamoo, Mjomba!" tukamwimbia watoto wote wa nyumba, kumi au zaidi, tumejipanga ukumbini. "Marahaba, marahaba, mababa na mamama." Tukamwambia sheria za pango letu: kila mgeni anafungwa kitambaa. Alicheka. Alikuwa na furaha siku ile, alishauona mzigo wake uko tayari, Mama amesimama mlangoni na mfuko wa Hawe uliokwisha kufungwa. Akainama, nikamfunga. Tukamwingiza chumbani kwa Hawe tukamtia mkono kwenye tambi, akacheka. Tukamtia kwenye bamia, akasema, "Mama yangu wee, ni nini hii?" na akacheka zaidi. Watoto walikuwa wanajipigapiga mapaja kwa raha.

Kisha nikamfungua kitambaa.

Mbele yake, mkekani, alikaa Hawe. Kichwa cheupe. Kulia papai la kijani linawaka na meno yake, kushoto jingine. Na katikati, kwenye sinia, papai moja zima lisilo na macho, na kisu pembeni yake.

Mjomba akarudi hatua moja nyuma.

"Karibu, mwanangu," Hawe akasema. "Kaa kitako. Safari ni ndefu, tule papai kwanza, halafu twende."

"Papai la nini, Mama?" Mjomba akauliza, akikaa ukingoni mwa mkeka.

"La kula. Kwani papai hufanywaje?"

Akalipasua katikati. Akakata kipande, akakiinua kidogo usawa wa mdomo, akaongea kwa Kigiriama maneno machache ambayo sisi wa mjini hatukuyafahamu, akala. Akatafuna taratibu kwa meno yake manne, akameza, akafungua mdomo aonekane. Kisha akakata cha pili akamnyooshea. "Haya, baba. Zamu yako."

Mjomba hakunyoosha mkono. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso likashuka mpaka kwenye kola.

"Mama, mimi nimeokoka. Mambo hayo niliyaacha."

"Mambo gani, Karisa? Mimi nimekupa tunda."

"Mimi... tumbo langu..."

"Omba kwanza, Biblia si hiyo unayo? Omba, halafu ule. Mungu wako atashindwa na papai?"

Hapo ndipo Mama alipoingia. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mfuko begani, na yeye, tofauti na sisi, Kigiriama alikifahamu. Alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya kubembeleza kabisa.

"Kaka, kula. Ni papai la nyuma ya choo. Kula tu, mimi mwenyewe niwasindikize mpaka stendi."

Alikuwa anamwomba. Alitaka sana ale. Mpaka leo nikifumba macho naiona shingo yake ilivyonyooka, anangoja mkono wa kaka yake uende kwenye kile kipande, ili yaliyosemwa yote juu yake yawe uongo na wao wabaki ndugu. Mkono haukwenda.

"Mjomba anaogopa!" nikapiga kelele mimi. "Mjomba kaogopa pango letu!"

Chumba kizima kikalipuka. Watoto kumi wanapiga makofi, wanaruka, "Anaogopa! Anaogopa!" na Mjomba Karisa akainuka, akagonga papai lililowaka, mshumaa ukazimika, akapita katikati yetu na kaunda suti yake yenye bamia mkononi. Hakuaga. Hakurudi tena Junda. Jogoo alimwacha, na tulimla kesho yake na wali wa nazi.

Mama aliweka mfuko chini. Akachuchumaa akaanza kutoa nguo, moja moja, akizikunja upya ingawa zilikuwa zimekunjwa. Hawe alimaliza kipande chake, na kile cha Karisa pia, akatugawia watoto kilichobaki. "Mmetisha kweli," akatuambia. "Wazungu wale waje kujifunza hapa."

Niliondoka pale na kichwa kikubwa. Miaka mingi nilisimulia shuleni jinsi tulivyomtimua mtu mzima mwenye ndevu kwa bamia na tambi. Mpaka niko sekondari Mama akachoka kunisikia, akaniambia. Kwetu, mtu akishtakiwa uchawi na hakubali, yeye na aliyemshtaki hupelekwa kwa wazee wakale papai lililonenewa kiapo. Msema kweli anashiba tu. Mwongo, wanasema, anavimba mdomo na ulimi mpaka pumzi inakata. Hawe tangu siku ya kwanza alikuwa analia apelekwe kwenye hilo papai. Karisa ndiye aliyekuwa kila mara ameokoka. Na papai letu halikunenewa na mzee yeyote, lilikuwa papai tu. Maneno yale ya Kigiriama, Mama aliniambia, yalikuwa, "Mungu, asante kwa chakula hiki."

Kwa hiyo jitu zima, lililokuwa tayari kumpeleka mama aliyemnyonyesha akachinjwe, lilishindwa na baraka ya mezani. Sina neno la kumwita. Nimelitafuta katika Kiswahili chote na sijaridhika.

Piko Hawe hakununua tena. Chupa iliyobaki Mama aliipakia viatu vyetu vya shule, na vilikuwa vyeusi mwaka mzima. Unga ukaoshwa, mvi zenyewe zikaota polepole, na Hawe akawa anakaa kizingitini kichwa wazi, mchana kutwa, anamsalimu kila apitaye kwa sauti kubwa ili ageuke amwone. Alikufa kitandani mwake, kile ambacho tulikatazwa kukigusa. Shamba bado lipo, halijauzwa. Karisa naye amezeeka juu yake, ana watoto wakubwa wanaotaka urithi, na mvi zimempata. Nasikia siku hizi ananunua piko.

Yote hayo yalinipitia nikiwa nimeshika wigi la plastiki mlangoni kwa Kazungu, na mtoto ananivuta nguo, anataka nisogee arushe mpira wake. Nikamshika mkono nikampeleka jikoni. Nikashusha papai kutoka juu ya friji, nikalipasua, nikamkatia kipande. Kisha nikakaa kwenye kiti mbele yake nikavua kilemba. Mimi nami sijipaki kitu, wenzangu, na mvi zangu zimeanzia mbele.

Mtoto akanitazama kichwa. Akautazama mlango, alipotundikwa yule mchawi. Akanirudia mimi.

"Haya," nikamwambia. "Kula."

Alifikiri. Niliona kabisa anafikiri, na nikagundua kuwa nimeinyoosha shingo yangu kama Mama alivyoinyoosha siku ile. Kisha akakichukua kipande, akala, maji yakamchuruzika mpaka kwenye viwiko, akaomba kingine.